Suruali ya Mtani

Msimu wa kwanza wa *Wazembe wa Stoo* ulikuwa na episodi kumi na mbili, na mie nimezitazama zote. Sijacheka hata moja. Mtaa mzima wa Mtoni ulikuwa unanicheka.

Stoo yenyewe ni ile yetu, Kilwa Road, panapouzwa vigae, masinki na matanki ya maji. Tajiri ni Mzee Abdulrahman. Wafanyakazi tulikuwa wawili, mie Kondo na mwenzangu Gervas. Sisemi tulikuwa wachapakazi. Tulikuwa na godoro nyuma ya maboksi ya vigae, tunalala kwa zamu, aliye macho akisikia kobazi za mzee anagonga sinki mara mbili. Gervas akaacha kazi, akaazima kamera, akakusanya vijana wa Tandika wanaojua kuigiza, akatutengenezea komedi. Ikaanzia mtandaoni, kituo cha tivii kikaichukua. Ijumaa watu wanakula ubwabwa huku wanatutazama.

Godoro limo. Sinki limo. Na kuna jamaa anaitwa Mfaume, anatembea amevuta bega moja kama mie, kila kitu anajibu "siyo ishu" kama mie. Mpaka hapo sikuwa na neno.

Episodi ya saba ndo ikanimaliza.

Mfaume anaingia stoo na mke wa mtu. Wanavua. Mume anagonga geti. Mfaume anajitosa kwenye tanki la lita elfu mbili, uchi kama alivyozaliwa, makalio yanakwama kwenye mdomo wa tanki, na kamera inayatazama yale makalio dakika nzima. Yanapozama tu mume anaingia, kumbe kaja kununua tanki. Analigonga gonga asikilize kama zima.

Hiyo imetokea kweli, mpaka kugonga. Ila kwenye tanki alikuwa Gervas. Mie ndo nilimwambia yule mume tanki lina mwenyewe, nikamsindikiza mpaka barabarani. Yule dada, simtaji, ana watoto, alichomoka mlango wa nyuma na nguo zote kifuani, zake na za Gervas. Nikavua suruali yangu, nyeusi ya kitambaa, ya Idi, nikampa mshikaji arudi nayo kwao Chamazi. Mie nikashinda na boksa na aproni ya dukani mpaka jioni. Suruali hakurudisha. Badala yake kanirudishia makalio yake, kayabandika kwangu.

Kingekuwa kicheko tu ningevumilia. Lakini barua yangu ya posa ilikuwa kwa Mzee Abdulrahman. Munira ni binti yake.

Jumatatu akaniita.

"Kondo, nakuuliza kama mwanangu. Tanki lipi?"

"Shikamoo mzee."

"Tanki lipi? Kuna watu wanakunywa maji humo."

"Siyo mie, mzee."

"Bega lako lile. Nimekaa na mama yake Munira, tunaonyeshwa makalio ya mkwe kwenye tivii. Mwisho wa mwezi narudisha barua yako."

Munira akanitumia meseji: *Mashangazi wananiita Mke wa Tanki. Fanya kitu.*

Nikampigia Gervas. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mtani, umekasirika? Mtani hakasirikagi. Mzaramo akimnunia Mnyamwezi watu wanamcheka mara mbili."

Hapo kanishika. Sie Wazaramo na wao Wanyamwezi ni watani toka kwa mababu. Mtani anakutukana, anakuchukulia kuku wako, unacheka. Ukikasirika umeshindwa.

"Utani sawa," nikamwambia. "Ila mwambie mzee ukweli, ananinyima mke."

"Na Demetria nae akiujua? Harusi yangu Desemba, braza. Kaa na makalio hayo mpaka Januari."

Demetria ni mchumba wake, anaimba kwaya ya parokia. Nikakata simu. Nikasema poa, kama ni utani, ngoja tutaniane.

Wiki ya tatu baba yake Gervas akafariki. Mzee Cyprian nilimpenda, alikuwaga ananiita Mzaramo mla nazi kila nikienda kwao. Nililia kweli. Nilipomaliza kulia nikaanza kupanga.

Asiyejua ajue: kwenye msiba mtani ana ruhusa zote. Anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anakaa kwenye kaburi, hatoki mpaka wafiwa watoe kitu. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika.

Maziko yalikuwa saa tisa alasiri, Chamazi. Watu wengi. Mzee Abdulrahman yupo na kofia yake, maana Gervas alikuwa kijana wake. Demetria mstari wa mbele na kwaya. Jeneza limeshawekwa ukingoni, katekista kafungua kitabu. Mie nikavua ndala, nikarukia kaburini, nikalala chali.

Watu wakaanza kucheka kabla sijasema. Mtu akasema, "Mzaramo huyo, wapeni haki yake."

Gervas akainama, anatabasamu kwa lazima. Akanirushia noti ya elfu kumi. Nikairudisha juu.

"Sitaki hela."

"Unataka nini, mtani?"

"Suruali yangu."

Kicheko kikapanda. Gervas hakucheka.

"Suruali gani? Sina suruali yako."

"Nyeusi ya kitambaa. Mfuko wa nyuma umeshonwa na uzi wa bluu."

Mama yake, Mama Bernadeta, alikuwa kakalishwa kwenye kiti cha plastiki, kashikwa huku na huku. Akainua uso.

"Si hiyo naifuaga mie? We Gervas, uliniambia umepewa kazini. Mpe mwenzio suruali yake, baba yako azikwe."

"Mama, subiri."

"Aseme kwanza aliipataje," nikasema toka chini.

"Kondo," akanong'ona, "baba yangu huyo hapo."

"Namwona. Nimemshikia nafasi. Nakaa mpaka kesho, huku kuna ubaridi mzuri."

Katekista akafunga kitabu, kidole kimebaki ndani. Hakuna aliyenitoa. Hawawezi. Ndo Demetria akasema, pole pole tu, "Gervas. Sema tuzike."

Gervas akasema, anaangalia udongo.

"Sauti," nikamwambia. "Wa nyuma hawasikii."

Akaanza upya. Mke wa mtu. Geti. Tanki. Alipofika mume anagonga tanki, mama yake mwenyewe aliinama akajifunika kanga, mabega yanaruka, na wala siyo kilio. Katekista kaficha uso na kitabu. Gervas machozi yanamtoka, sijui ya baba au ya tanki. Nilitafuta huruma pale chini, sikuipata. Nikapanda, nikajikung'uta, nikashika kamba kumshusha Mzee Cyprian na wenzangu.

Demetria aliimba mpaka mwisho, sauti haikuyumba. Kisha akaita bajaji, akaondoka peke yake.

Mzee Abdulrahman akanisubiri barabarani.

"Kumbe siyo wewe."

"Nilikwambia mzee."

"Barua nimeipokea. Wazee wako waje Jumapili."

Nikainama kumshika mkono. Hakuuachia.

"Siku hiyo ufunguo wa stoo alikuwa nao nani?"

"Mie."

"Na mlangoni alikuwa analinda nani?"

"Mie, mzee."

"Basi mkwe nimepata. Kazini usije tena."

Suruali ililetwa kwenye mfuko, imefuliwa na kupigwa pasi na Mama Bernadeta. Nimepeleka mahari nikiwa nimeivaa.

Mwezi wa saba Gervas akapiga. Kanyong'onyea. Demetria hapokei simu zake, na yule aliyekuwa anamcheza Mfaume kakimbilia komedi nyingine.

"Mtani, tivii wanataka msimu wa pili. Wanaitaka ile ya kaburini. Naomba ruhusa yako."

"Unayo. Ila Mfaume unamcheza wewe, na unaitwa Gervas. Tunaanza kwa kuirudia ya tanki. Kamera nashika mie."

Akakohoa, safari hii bila kicheko.

"Umekasirika, mtani?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. Angesema nini.

Tulirekodi Madale, mlimani, asubuhi, na baridi ile ya Julai. Tanki nilisema lijazwe maji nusu, watazamaji wanapenda uhalisia. Tulirudia mara kumi na moja. Mara ya tatu ilikuwa imeshatoka safi.