Siku Mtani Alipoombwa Radhi

Melania alikuwa msimamizi mzuri, na hilo lisemwe mapema kabla lawama hazijaanza kumiminika. Watu wa Gungu wakiisikia habari hii huwa na haraka ya kumfanya mchawi. Hakuwa mchawi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, binti wa katekista, mwenye huruma nyingi na woga mwingi wa kukosea. Hayo mawili yakikutana ndani ya mtu mmoja mwenye madaraka, Mungu awasaidie walio chini yake.

Kiwanda alichokisimamia pale Gungu kilikuwa banda refu la bati, mali ya Nasri, mfanyabiashara wa mtaa wa Mwanga. Humo walipika sabuni ya mawese. Wasichana walikata miche na kuipanga kwenye maboksi, vijana walibeba madumu ya mafuta, na kwenye sufuria kubwa, pale penye moto na kostiki, ile dawa kali ya sabuni inayochoma macho, walisimama wazee wawili na miti yao ya kukorogea. Mmoja alikuwa Hamdani wa Ujiji, mwembamba, kofia kichwani hata ndani ya ule moshi. Wa pili alikuwa Telesphory wa Simbo, pande la mtu, aliyekuja kazini kwa baiskeli na kuondoka kwa baiskeli. Walikuwa wamekoroga pamoja tangu banda halijawa na kuta.

Na tangu hapo walikuwa wakitukanana. Ulikuwa utani wa kurithi. Babu yake Hamdani, Mmanyema aliyevuka ziwa kutoka Kongo, na babu yake Telesphory, Muha aliyeshuka kutoka Simbo kuja kuuza maharage, waligombea mbuzi mmoja sokoni Ujiji. Wakapigana mpaka wakachoka, kisha wakamchinja yule mbuzi wakamla pamoja, na kuanzia hapo koo zao zikawa za watani. Hivyo ndivyo walivyosimulia wao, na kama si kweli basi ni uongo mtamu.

“Mwakeye!” Telesphory angesalimia asubuhi kwa Kiha chake, akiegemeza baiskeli ukutani.

“Sijui unasema nini,” Hamdani angejibu. “Babu yako siku ya kwanza alipoliona ziwa aliuliza nani kamwaga maji yote haya. Na wewe akili ni ileile.”

“Afadhali yeye aliuliza. Babu yako alivuka ziwa amejishikiza mkia wa mbuzi, mpaka leo ukipita karibu na mbuzi anakuamkia.”

Wasichana waliokuwa wakikata miche wangecheka hadi visu viwatoke mkononi. Melania hakucheka. Nyumbani kwa katekista hawakulelewa hivyo. Hata hivyo aliwaamkia wazee wote wawili kwa heshima, akaenda zake ofisini. Aliujua utani, nani asiyeujua? Ila aliuona kama kutafuna muwa kazini: hauna ubaya, lakini hauna kazi pia.

Kazi ulikuwa nayo, na aliwahi kuiona kwa macho yake. Mwaka uliotangulia Telesphory alivimba shavu kwa jino. Mkewe Bibiana alimbembeleza aende hospitali, padri akamsihi, Melania mwenyewe akampa ruhusa, yeye akasema ni kitu kidogo. Telesphory alikuwa mtu wa namna hiyo: ukimwonea huruma anakukimbia. Ndipo Hamdani alipoamua kumpa vidonge vyake. Kutwa nzima akawa anamuuliza ameficha kiazi cha nani mdomoni, akawaita wasichana waje wapime shavu lipi zito, akasema mtu akifa kwa jino yeye atawaambia watu kwamba aliuawa na ugali. Jioni Telesphory alikuwa na hasira hizo! Akapanda baiskeli moja kwa moja hadi kwa daktari, akaling'oa, na kesho yake akaja kulitupa miguuni pa Hamdani. “Haya, rithi.” Melania aliyaona yote hayo, na hayakumwingia akilini.

Sasa, ikawa shirika moja linahitaji sabuni nyingi za kugawa kwenye kambi ya wakimbizi. Nasri akaona mlango wa neema umefunguka. Akampeleka Melania semina ya siku tatu ya usimamizi wa watu, naye akarudi na mambo mengi mazuri, na mengi yalikuwa kweli: msikilize mfanyakazi, usimkaripie mbele za watu, mtu akimkosea mwenzake mkutanishe naye, aombe radhi, jambo liishe. Wiki iliyofuata mama mmoja wa shirika akaja kukagua, Nasri akimtembeza kwa tabasamu pana. Wakafika kwenye sufuria wakati mbaya kabisa.

“Koroga, mwizi wa mbuzi wewe!” Hamdani alikuwa akisema. “Mwili wote huo wa nini kama hauna kazi? Ukifa tutakukaanga, tupate mafuta ya mwaka mzima.”

Yule mama alisimama. Hakuwa mtu wa huku. Akamuuliza Nasri kwa sauti ya chini kama ndivyo wafanyakazi wanavyodhalilishana hapa, na kama uongozi unajua. Nasri alicheka kicheko kikavu, akaeleza habari za mila, akababaika. Mgeni alipoondoka, Nasri alimgeukia Melania. “Semina nimekulipia ya nini, Melania? Malizana nao.”

Angeweza kuwaambia tu, wazee wangu, wageni wakija tulieni kidogo. Wangetii, na mpaka leo wangekuwa wanatukanana. Lakini Melania alitaka kufanya jambo kama lilivyofundishwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kesho yake asubuhi akawasimamisha wafanyakazi wote karibu na maboksi. Akasema kwa upole kwamba kila mtu ana utu wake, kwamba kuanzia leo lugha ile basi, anayetaka utani akafanyie nje ya geti. Hapo bado palikuwa na nafuu. Kisha akasema, “Mzee Hamdani, naomba umwombe radhi Mzee Telesphory kwa maneno ya jana.”

Watu wakadhani anatania. Hamdani mwenyewe akatabasamu, akitafuta kwenye uso wa Melania mahali pa kuchekea, asipaone.

“Nimwombe radhi huyu?” akauliza. “Binti, huyu ni mtani wangu.”

“Najua, mzee wangu. Ndiyo maana halitakuwa gumu.”

Hamdani alikuwa na mke mgonjwa na wajukuu ndani, na umri wake si wa kwenda kutafuta kazi nyingine. Akavua kofia. Kofia ile hakuna aliyewahi kuiona mbali na kichwa chake.

“Telesphory,” akasema, na tangu wajuane hakuwahi kumwita kwa jina lake. “Naomba unisamehe kwa maneno yangu.”

Telesphory alimtazama kama mtu aliyeamshwa ghafla usingizini. Alikuwa amebeba jibu lake tayari, la mbuzi bila shaka, lakini jibu la mbuzi haliwezi kujibu maneno yale. “Nimekusamehe,” akasema mwishowe, kwa sababu mtu akiombwa radhi mbele za watu husema hivyo. Melania akapiga makofi, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Kosa lilikuwa hapo, na kulirekebisha hakukuwezekana. Mtani haombi radhi, kwa kuwa mtani hatukani. Akiomba radhi, basi yote aliyowahi kusema, tangu siku ya kwanza, yanageuka kuwa matusi. Wale wazee waliambiwa utani wafanyie nje ya geti, lakini nje ya geti hawakuwa na kitu tena. Waliagana kwa “haya, kesho”, mmoja akapanda baiskeli, mwingine akashika njia ya Ujiji. Kazini walikoroga bila neno. Kiwanda kikatulia, mkataba ukasainiwa, na Melania, aliyekuwa na haki ya kufurahi, akafurahi.

Ilipoingia masika alianza kuona Telesphory anakaa. Anakoroga kidogo, anakaa juu ya dumu, anahema. Viatu alikuwa ameviacha, anakuja na kandambili, na miguu imevimba hadi kamba za kandambili zinazama nyamani. Melania alimwita ofisini, akafunga mlango, akamvutia kiti, akaongea naye kwa sauti ya mtoto kwa baba yake.

“Mzee wangu, unaumwa. Nenda hospitali, mshahara wako hautaguswa.”

“Ni uchovu tu, mama. Nashukuru kwa kunijali.”

Akampa mapumziko. Telesphory akayatumia kupalilia mihogo Simbo. Akarudi uso umevimba pia, na kila aliyemwonea huruma alipewa shukrani zilezile. Ndipo Melania, kwa mara ya kwanza, alipolikumbuka lile jino. Akamfuata Hamdani alipokuwa akinawa mikono bombani.

“Mzee Hamdani, wewe ndiye unayemjua. Mwambie aende hospitali. Wewe atakusikia.”

Hamdani aliendelea kunawa ingawa mikono ilishatakata. “Nilimwambia, binti. Nilimwambia, ‘Telesphory, naona afya yako si nzuri, mwone daktari.’ Akaniambia, ‘Ahsante, Mzee Hamdani.’” Akafunga bomba. “Mzee Hamdani! Kama namuuzia karanga.”

“Basi mtanie. Mtanie kama zamani, mimi sitasema kitu.”

“Nimtanie kwa mdomo gani? Ile miguu, ningekuwa mimi yule wa zamani, asingemaliza siku ya pili nayo. Ningemwimbia. Ningemfukuza kwa aibu mpaka wodini.” Macho yake yalikuwa mekundu, na pale bombani kostiki haifiki. “Leo nikimwambia ana miguu ya tembo, atasema Hamdani kanitukana tena. Na ndivyo itakavyokuwa.”

Telesphory alianguka shambani kabla mvua hazijaisha. Walimfikisha hospitali, na daktari akasema figo zilikuwa zimekwisha kitambo, angewahi, pengine. Neno hilo, pengine, Melania alilala nalo na kuamka nalo.

Kiwanda kizima kilikwenda Simbo kuzika. Nasri alitoa gari, sanda na mchele, na alilia kweli, tusimwonee. Kwaya iliimba. Watu walikuwa wengi, na kadiri padri alivyokaribia kumaliza, Melania aliona vichwa vinageuka kutafuta mtu. Hakuhitaji kuuliza wanamtafuta nani. Msibani mtani ana kazi yake. Kilio kikizidi, yeye huinuka akavaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, akausema uchoyo wake, akajilaza kwenye mchanga akakataa kaburi lisifukiwe mpaka apewe kitu. Wenye msiba hucheka huku machozi yanawatoka, na kile kicheko ndicho kinachowapa nguvu ya kumwacha mtu wao aende.

Hamdani alikuwa amekaa nyuma kabisa, miongoni mwa wageni, ameinamisha kichwa. Jeneza likashushwa. Binti mkubwa wa marehemu akaanza kupiga yowe lisilo na mwisho, akajitupa ukingoni, wanawake wakamshika. Hakuna aliyeinuka.

Melania alipenya katikati ya watu hadi kwa Hamdani, akapiga magoti mbele yake kwenye tope.

“Baba yangu, inuka. Mtukane. Nimekosa mimi, ile sheria nimeifuta, mtukane mwenzio tafadhali.”

Hamdani alijaribu. Watu wote walimwona akijaribu. Alisimama, akasogea hadi kwenye udongo, akafungua mdomo, na wale waliomjua wakaanza tayari kutabasamu kwa kiu ya kumsikia. Mdomo ukabaki wazi. Kisha akauziba kwa kofia yake, mabega yakatikisika, na mzee yule akalia kama wanavyolia watu wengine.

“Siwezi,” akamwambia Melania. “Nilimwomba radhi, akanisamehe. Nitamtukana vipi mtu aliyenisamehe?”

Wakamfukia Telesphory. Udongo wa masika ni mzito, na ukianguka juu ya mbao husikika mbali.

Wakati wa kuondoka Melania aliingia ndani kumuaga mjane. Bibiana alikuwa ameketi mkekani, amekauka machozi, koti la mumewe mapajani. Alikuwa amelitundika nje tangu alfajiri, na sasa alikuwa amelirudisha ndani. Akamshika Melania mkono, akamsogeza karibu kama mtu mwenye swali la aibu.

“Madam, wewe ulikuwa nao kule kila siku. Wale wawili walikosana nini?”

“Hawakukosana, mama.”

“Walikosana. Hamdani alimwomba radhi, mwenyewe aliniambia. Tangu siku ile mume wangu akawa mtu mwingine. Hata pale hospitali alikuwa ananiuliza, ‘Bibiana, ina maana miaka yote hiyo yule alikuwa ananitukana kweli?’”

Melania angeweza kusema maneno ya faraja. Alifundishwa maneno hayo na aliyajua vizuri. “Ni mimi niliyemlazimisha aombe,” akasema. “Hamdani hakutaka. Ni mimi.”

Bibiana hakukasirika. Hilo ndilo Melania alilokuja kulisimulia baadaye, kwamba laiti yule mama angekasirika. Alimtazama tu kwa macho yaliyovimba, akitaka kuelewa.

“Kwani aliyekuwa anatukanwa ni wewe?” akauliza.

Akangoja ajibiwe, mkono wa Melania ukiwa bado ndani ya mkono wake, na nje Nasri alikuwa akiita kwamba gari linaondoka.