Siku Mia Tatu Hamsini na Nne

Wifi yangu aliandika jina langu kwenye daftari la ajali saa nne na robo asubuhi. Kufikia saa sita mchana hapakuwa na mtu kiwandani aliyekubali kukaa naye meza moja. Wa kwanza kumsusa nilikuwa mimi.

Kiwanda chetu kinatengeneza maboksi. Mimi niko kwenye presi ya kukatia kadibodi. Wananiita Mkasi, na wanasema si kwa ajili ya kazi, ni kwa ajili ya mdomo. Wifi, mke wa kaka yangu, yuko upande wa kufunga mizigo, lakini kwa kuwa aliwahi kupelekwa mafunzo ya huduma ya kwanza, tawi letu la chama cha wafanyakazi lilimkabidhi sanduku la dawa na hilo daftari. Kazi hiyo haikumletea chochote zaidi ya jina la Nesi.

Mwaka ule mwenyekiti wa tawi alikubaliana jambo na wakubwa wa kiwanda. Ubao uliwekwa getini: SIKU BILA AJALI, na namba ambayo mlinzi aliibadilisha kila asubuhi. Zikitimia siku mia tatu sitini na tano, kila mwanachama angepewa godoro jipya la inchi sita, na familia zetu zingealikwa kwenye sherehe katika uwanja wa kiwanda. Usicheke. Godoro ni godoro. Mwenzangu wa mashine ya jirani aligawa la zamani siku ya mia tatu na kumi, akawa analala mkekani na mumewe, wanahesabu siku kama wachumba.

Asubuhi hiyo namba ilikuwa 354.

Presi yangu ina kinga, kijilango cha wavu kinachotakiwa kushushwa kwanza ndipo uiruhusu mashine ishuke. Kilikuwa kimeinuliwa juu na kufungwa kwa waya muda mrefu, maana kinachelewesha kazi. Hakukifunga meneja. Nilikifunga mimi, kwa koleo la mume wangu. Nilikuwa nanyoosha kadibodi iliyokaa upande, nikasikia kishindo, kisha baridi ikapanda hadi begani. Nilipotoa mkono wa kushoto, vidole viwili vya mwisho havikuwa tena na umbo la vidole.

Sikupiga kelele. Jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu ni shahidi, lilikuwa ile namba ya getini. Nikauviringisha mkono kwenye aproni, nikaenda stoo alikokuwa wifi.

"Nifunge haraka," nikamwambia. "Nimejibana na mlango nyumbani."

Akaifungua aproni, akatazama. "Wifi, mfupa unaonekana. Na huu mlango wa nyumbani una vumbi la kadibodi?"

"Funga tu, maswali baadaye."

Kabla hajakata bendeji, mwenyekiti akaingia na kuusukuma mlango kwa kisigino ukajifunga. Yeye ni dereva wa gari la kunyanyulia mizigo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na nitasema haki yake: hakuwahi kukosa msiba wa mwanachama hata mmoja.

"Nesi, dada yetu ameumia kwake," akasema. "Nitampeleka hospitali mwenyewe, na huko atasema hivyo hivyo. Zimebaki siku kumi na moja."

"Hospitali apelekwe sasa hivi. Lakini naandika."

"Unaandika nini?"

"Kilichotokea."

Nikamkamata kwa mkono mzima. "Wifi, mwenye maumivu ni mimi, na ninayekuomba ni mimi. Mbona ya wengine hukuandika? Mpika gundi aliungua mgongo mwezi wa tatu, ukamfunga hapa hapa, ukapiga kimya. Ya kwangu ndiyo umeiona?"

Uso wake ulibadilika. Nilijua nimemchoma mahali penyewe.

"Ile ya mpika gundi ndiyo inayoninyima usingizi," akasema, akachukua kalamu.

Nilipokuwa napakiwa garini nilimwona mlinzi amepanda kwenye stuli, anaondoa tarakimu zote tatu na kuweka sifuri moja. Hospitali wakakata vidole vyote viwili.

Ajali ikishaandikwa, taarifa inakwenda ofisi ya kazi. Siku ya tatu akaja mkaguzi. Akaukata ule waya, akaifunga presi kwa lakiri isitumike, na watu kumi na wawili walioitegemea mashine ile wakahamishiwa kupakia malori juani kwa wiki mbili. Kila boksi walilobeba walimbebesha wifi lawama zake. Jina la Nesi likafa, wakamwita Sifuri. "Umeamkaje, Sifuri?" "Sifuri, umelalia nini jana?" Kabati lake la nguo lilipakwa gundi hadi mlango ukagoma kufunguka, akarudi nyumbani na nguo za kazi. Siku nyingine alikuta kikombe chake cha chai kimewekwa chooni, juu ya tangi la maji.

Mimi nilikuwa nyumbani na bendeji yangu, lakini sikukosa habari. Wenzangu walikuja kila siku, wananipikia, wananifulia, na kila aliyekuja aliniletea kisa kipya cha Sifuri, nami nilicheka. Sisemi nilitabasamu, nilicheka. Kaka alipokuja kunijulia hali nikamwambia, "Mkeo alisubiri zamu yangu ifike ndipo ajifanye mwaminifu." Kaka akaweka matunda mezani, akaondoka bila kukaa.

Jumamosi moja ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa tawi. Mwenyekiti alizungumza kwa upole wake ule ule. "Hatumfukuzi mtu. Tunasema tu kwamba aliyelikosesha tawi zima zawadi yake asishike kazi ya tawi, wala asihesabiwe katika mambo yetu, hadi tumchunguze. Wanaokubali?"

Mikono ikainuka. Wa kwangu ulikuwa wa kwanza, tena niliinua ule wenye bendeji, niuonyeshe vizuri. Ukumbi ukapiga makofi. Wifi alikuwa amekaa mstari wa nyuma peke yake, pochi mapajani. Aliitazama bendeji tu. Kisha akainuka, na mtu akanyoosha mguu njiani ili ajikwae. Akaruka, akatoka.

Sikujisikia vibaya siku hiyo. Nataka hilo lijulikane.

Siku ya tisa baada ya mkutano, mama yake wifi akafariki. Sisi tuna utaratibu wetu: mwanachama akifiwa, stoo ya ukumbi inafunguliwa, zinatoka viti mia vya plastiki, turubai na masufuria makubwa matatu, na zamu za kupika na kuosha vyombo zinapangwa kabla jua halijawa kali. Asubuhi hiyo nilingoja mtu aje kuniambia zamu yangu. Hakuja mtu. Saa tano akaja kaka, shati limelowa jasho.

"Watu wamekaa chini kwenye matofali," akasema. "Mama mkwe wangu amelala ndani, na nje hakuna hata turubai. Nimemwendea mwenyekiti wenu, ananiambia mambo ya tawi ni ya wanachama. Mke wangu amelipa ada ya chama miaka kumi na mmoja."

Nikamsogezea kiti. Hakukaa.

"Sikuja kukuomba," kaka akasema. "Nimekuja nikutazame tu usoni. Yule mama ndiye aliyemlea mwanao ulipokuwa zamu za usiku. Au nalo umelisahau?"

Nilikuwa sijasahau. Nilikuwa nimelikunja na kuliweka pembeni.

Nilikwenda moja kwa moja ukumbini. Mwenyekiti alikuwa barazani anacheza bao na wenzake watatu.

"Naomba viti," nikasema.

"Vya nani?"

"Vya msiba. Usinifanye mtoto."

"Mkasi, wewe mwenyewe uliinua mkono."

"Niliinua asishike daftari. Sikuinua mama yake azikwe kama hana watu."

"Uliinua asihesabiwe katika mambo yetu," akajibu, wala hakuacha kuhamisha kete. "Nikifungua leo, kesho kila mtu ataliuza tawi halafu aje kudai viti. Nenda kapumzike, mkono wako bado mbichi."

Nilizunguka nyuma ya ukumbi. Mpika gundi alikuwa huko, amekaa kivulini. Ni mtu wa maneno machache, mwembamba kama ufito. Alikuwa ameyasikia yote.

"Ile kufuli ni ya maonyesho tu," akasema. "Bawaba zimeoza."

Alizing'oa kwa bisibisi, nami nikaushika mlango kwa bega. Tulipakia viti thelathini na turubai kwenye mkokoteni wa chama na kutoka navyo mchana kweupe, mbele ya baraza. Mmoja wa wacheza bao akaruka kunizuia, akaushika mkokoteni. Nikauinua mkono wa bendeji mbele ya macho yake. "Niguse," nikamwambia. "Niguse uone nitakavyopiga yowe." Akaachia. Mwenyekiti alisimama, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake ikipanda: "Huo ni wizi! Nyote wawili, ni wizi!"

Njia nzima watu wa tawi walitoka milangoni kututazama. Hakuna aliyetusaidia kusukuma. Mwanamke niliyefanya naye kazi miaka sita alitema mate chini tulipopita.

Tulipofika msibani wifi alikuwa mlangoni. Aliviona viti, akaniona mimi.

"Virudishe," akasema.

"Wifi, pole sana kwa..."

"Usiniite wifi mbele ya watu. Virudishe ulikovitoa. Mama yangu hahitaji viti vyenu."

Mpika gundi alibaki ameshika mkokoteni, hajui aende mbele au arudi nyuma. Akatokea shangazi yake wifi, kikongwe wa fimbo, akavuta kiti kimoja, akakaa kwa mguno mrefu.

"Wenye magoti mabovu tutakaa," akasema. "Wenye hasira wasimame."

Watu wakaanza kushusha viti. Wifi akaingia ndani. Nilibaki hadi mazishi yakaisha, nikapanguza vyombo kwa mkono mmoja, na hakunisemesha.

Mkutano uliofuata walioshtakiwa tulikuwa mimi na mpika gundi: kuvunja stoo. Nilipopewa nafasi nilisimama.

"Kinga ya presi niliifunga mimi kwa waya," nikasema. "Na mimi ndiye niliyemwomba asiandike. Aliponikatalia nikamchukia, na nyinyi mkanisaidia kumchukia. Siku mia tatu hamsini na nne zilikuwa za uongo. Wangapi humu mliumia mkanyamaza?"

Mtu akapaza sauti: "Kaa chini! Vidole umekatwa wewe, godoro tumekatwa sisi!" Wakacheka, kicheko kibaya.

Ndipo mpika gundi aliposimama na kuvua shati. Ngozi ya mgongo wake ilikuwa imejikunja kuanzia bega hadi kiunoni, inang'aa kama nailoni iliyoyeyuka. Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akafunika mdomo.

"Vaa shati," mwenyekiti akasema. "Kuna akina mama hapa."

"Akina mama ndio walionifunga," mpika gundi akajibu. "Au mmoja wao. Na alinyamaza kwa sababu nilimsihi, kama huyu."

Baadhi wakadai kura, ikapigwa: mwenyekiti abaki au aondoke. Alibaki, kwa kura tisa zaidi. Sisi wawili tulikatazwa kuingia ukumbini miezi mitatu. Lakini ubao uling'olewa getini wiki hiyo hiyo, bila tangazo, na presi yangu ilirudi kazini na kinga ya chuma ambayo huwezi kuifunga kwa waya hata ukitaka. Wiki iliyofuata mashine tatu nyingine zikawekewa.

Wifi hakurudishiwa daftari, na alipoombwa baadaye alikataa. Aliomba kuhamishwa, siku hizi yuko ofisi ya kupokea mizigo, upande wa pili wa uwanja. Kaka anasema niende nikamwombe radhi rasmi, na watu wazima wawepo. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua. Ya pili alifungua, akanisikiliza akiwa amesimama hadi nikamaliza, akasema, "Nimekusikia," akaufunga mlango taratibu.

Tunapishana getini asubuhi. Wengi bado humpa mgongo, na wengine hunipa mimi. Juzi alisimama, akauelekezea kidevu mkono wangu wa kushoto.

"Unauma bado?"

"Wakati wa baridi."

"Ukande kwa maji ya uvuguvugu," akasema, akashika njia yake.