Mtungi wa Babu

Mwalimu wa hesabu alisoma jibu la Sindano mbele ya darasa zima. Waashi wanane wanajenga ukuta kwa siku sita. Wakiwa kumi na wawili, watatumia siku ngapi? Sindano, binti aliyepewa jina hilo na babu yake kwa wembamba wake, alikuwa ameandika tisa.

"Waashi wameongezeka, kazi ikachelewa," mwalimu alisema. "Wamekuja kujenga au kupiga soga?"

Darasa likaangua kicheko. Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwake, kimoja kikiongezeka, na kingine huongezeka. Uwiano wa kinyume ulikuwa umempiga chenga kabisa.

Alasiri alifika nyumbani uso umemshuka. Babu, ambaye mapafu yake yalikuwa yamechoka, alikuwa kitandani ameegemea mito, mrija wa oksijeni puani. Baba mdogo, aliyekuwa na zamu ya kumwangalia, alimpokea kwa tabasamu.

"Leo mzee anapumua vizuri. Alikuwa anahema, nikamwongezea hewa. Kutoka lita mbili mpaka nne."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu tulipofunga mtungi mpya, saa sita mchana."

Sindano aliutazama mtungi. Kwa lita mbili kila dakika ulidumu saa ishirini, na gari la kuleta mwingine lingekuja kesho yake asubuhi. Hewa ikitoka mara mbili zaidi...

"Baba mdogo, utaisha saa nne usiku."

"We mtoto! Mtungi mkubwa hivi?"

"Hewa iliyomo ni ileile. Mbili mara ishirini ni arobaini. Nne mara ngapi ndiyo arobaini?"

Baba mdogo alihesabu kwa midomo, akafika kumi. Akairudisha hewa kwenye mbili. Haikupita muda babu akaanza kuhema, vidole vimekwida shuka. Akaipandisha tena.

"Nimemfanya nini baba yangu?"

"Tumpeleke hospitali sasa hivi, hewa bado ipo," Sindano alisema.

Wakampigia mama kazini, wakutane huko. Jirani yao, fundi magari, akaja mbio na gari la mteja, wakambeba babu na mtungi wake.

Daktari alimpima akatikisa kichwa. Mzee alihitaji hiyo nne kweli, alisema. Ugonjwa umezidi, na kwa kiwango hicho hawezi tena kutunzwa nyumbani. Mama alijifunika uso kwa mtandio, akageukia ukutani.

Baba mdogo alikaa kwenye benchi la ukumbini, mikono kichwani.

"Na kama ungechelewa kurudi?" aliuliza.

Sasa swali la waashi lilikuwa wazi kwa Sindano hata bila kalamu, siku nne, na hakuona raha yoyote. Alimsogelea baba yake mdogo, akamwegemea begani, wakangoja kuitwa ndani.