Tarumbeta Zinapoingia

Katika daftari ninaloandikia masomo ninayofundisha ya upimaji wa ardhi, ukurasa wa mwisho ulikuwa na malengo kumi na mawili ya salsa. Niliyapanga kama ninavyopanga muhula: mwezi wa kwanza hatua za msingi, wa pili mizunguko ya kulia na ya kushoto, wa tatu ule mzunguko wa mara mbili, unaompeleka mwanamke na kumrudisha kabla hujapumua. Kufikia Pasaka nilikuwa nimeweka alama ya vema kwenye malengo kumi na moja, ukabaki mzunguko wa mara mbili tu, na mke wangu Noëlla alikuwa karibu kuacha kucheza nami.

Tulicheza kila Jumapili saa kumi alasiri, katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa mgodi pale Dilala. Hatua zangu zilikuwa safi. Hata mwalimu wetu, Micheline, alikiri. Kosa lilikuja wimbo ulipofika katikati. Tarumbeta zilipoingia na ngoma kuharakisha, kiganja changu kilifunguka chenyewe, nami nikaenda kucheza peke yangu, macho nimeyafumba, nimejaa furaha. Sisi tuliolelewa na rumba tunajua desturi: wimbo unapoanza mnashikana, sebeni ikifika, magitaa yakichemka, mnaachana na kila mmoja anajitafutia nafasi yake. Mwili wangu ulijifunza hivyo kwa miaka thelathini, na tarumbeta za salsa uliziona kuwa sebeni nyingine tu. Lakini katika salsa, hapo ndipo wawili wanapotakiwa kushikana zaidi.

Jumapili moja nilipofumbua macho, Noëlla alikuwa amekwisha kuketi, akijipepea kwa leso.

« Tata Glodi, » alisema, akiniita kwa jina la binti yetu kama kawaida yake, « tarumbeta inalia tu, unaniachaka mu njia. Mi niko sawa muzigo yenye kuanguka ku taksi-moto. Dereva wa pikipiki anaenda, hata hageukake. »

Henri, jirani yetu fundi umeme, alikuwa kwenye kiti cha pembeni yake.

« Mama, kuya kwangu, » alisema, akimnyooshea mkono. « Mi sijue kuzungusha bantu, lakini siachake mutu. »

Noëlla hakucheka. Mwezi uliofuata tulikuwa tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na Micheline alikuwa ametuomba tufungue dansi siku hiyo mbele ya wanachama wote wa klabu yetu ya salsa. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, aliniambia kwa upole ulionitisha kuliko ukali:

« Ukiniacha tena hata mara moja mu mazoezi, dansi nitaifungua na Henri. »

Siku mbili baadaye nilimpelekea Micheline daftari langu, nikitumaini kwamba ataongeza lengo la kumi na tatu. Alilisoma lote, kisha akaniuliza:

« Prof, humu mu karatasi muko bantu bangapi? »

Nilitazama. Mlikuwa na mizunguko, hesabu za mapigo, tarehe.

« Muko mumoja, » alisema. « Ni weye. Andika objektifu moja, ya kidogo, yenye mama Noëlla anaweza kusikia mu mukono yake. »

Niliandika lengo hilo moja kwenye ukurasa safi: Mkono wa kushoto usifunguke mpaka wimbo uishe.

Tangu siku hiyo tulifanya mazoezi jikoni baada ya kula. Noëlla alikunja kitenge, akashika ncha moja, akanipa ya pili.

« Kwetu Lubudi tulikuwa tunafundishaka mbuzi namna hii, » alisema. « Mbuzi alikuwa anaelewaka mbio. »

Wiki ya kwanza kitenge kilianguka sakafuni kila tarumbeta zilipolia, lakini Noëlla alisema kitenge hakihesabiwi kama mkono wake. Wiki ya pili nilikishika kwa nguvu mno, naye akanikumbusha kwamba hatukamati mwizi. Wiki ya tatu tuliweka kitenge kando, tukashikana mikono. Ndipo nilipoanza kujua mambo ambayo daftari halikuwa nayo: kwamba Noëlla huvuta pumzi kidogo kabla ya kugeuka, na kwamba siku anayoshinda amesimama kwenye zahanati anakofanya kazi, mguu wake wa kulia huchelewa. Sikumwacha tena hata mara moja.

Siku yetu ilipofika, ukumbi ulijaa. Tulianza vizuri. Tarumbeta zikaingia, kiganja changu kikabaki kimefungwa. Mara nikasikia vidole vyake vikiteleza, vikatoka. Noëlla alikuwa amefumba macho, amekwenda zake katikati ya ukumbi, mabega yakicheza sebeni kama mwaka tuliooana. Wanawake wakapiga vigelegele, na nusu ya watu wakaachana na wenzao wakamfuata.

« Tata Glodi, » Henri akapaza sauti, « muzigo imeruka yenyewe! »

Niliendelea na hatua zangu za msingi palepale, mkono wa kushoto ukiwa mbele yangu kama alivyouacha. Aliuzunguka ukumbi mzima akicheza, kisha akafumbua macho na kunitafuta.

« Ulibakia? »

« Nilibakia. »

« Basi zungusha, » alisema, akirudisha mkono wake mahali pake.

Lengo la kumi na mbili bado halina alama. Nilimzungusha, lakini sikukumbuka kuhesabu kama ilikuwa mara moja au mbili.