Faulo ya Huruma

Jumamosi hiyo asubuhi Trevion Askew aliingia kwenye ukumbi wa michezo wa kanisa, kule Saginaw, mji wa Marekani alikozaliwa, simu mfukoni na jibu moja ambalo hakutaka kulitoa. Wakala wake alikuwa akilisubiri kabla ya saa sita mchana. Timu moja ya mpira wa kikapu ya Poland ilimtaka, ila ilitaka kwanza aende akajaribiwe. Akajaribiwe! Yeye aliyeteuliwa raundi ya kwanza usiku wa ligi kuu ya Marekani kuchagua chipukizi, aliyepanda jukwaani kwa suti ya zambarau na kuvishwa kofia ya timu, huku mama yake akibubujikwa na machozi mbele ya nchi nzima!

Wala haikuwa zamani. Msimu wa kwanza alisugua benchi, wa pili akaumia kifundo cha mguu, wa tatu klabu ikamwambia asante. Na hakuwa peke yake. Wale walioitwa naye usiku ule, karibu nusu yao walishatoka ligini. Mmoja anauza nyumba Arizona, mwingine anachezea nchi za mbali ambako hata mama yake hamwoni. Kila mwaka huwa hivyo, na kila mwaka watu hupiga makofi kana kwamba kuitwa jina ndiko kufika. Kumbe ndiyo kwanza umebisha hodi. Lakini nani wa kumwambia hayo kijana wa miaka kumi na tisa, siku ambayo kila mtu anataka kupiga naye picha?

"Milionea huyo!" akapaza sauti Mzee Purnell, mstaafu wa kiwanda cha vyuma, magoti yote mawili kayafunga bandeji. "Umekuja kucheza au kutuonyesha viatu?"

"Nimekuja kukuaibisha, mzee."

"Panga foleni. Mke wangu kakutangulia."

Wakacheka, na Trevion akacheka nao, mara ya kwanza wiki ile. Sheria za ukumbi alizijua tangu utotoni. Refa hakuna. Aliyechezewa faulo hudai mwenyewe, na anayedaiwa hukataa mpaka mishipa ya shingo imtoke. Timu ikishindwa inatoka, walio kwenye foleni wanaingia. Hapo watu wameng'oana meno na bado wakaapa hawakumgusa mtu.

Aliyemkaba siku hiyo alikuwa Cordell, fundi wa matairi, waliyecheza pamoja shuleni. Trevion akarusha mpira wa kwanza, ukagonga chuma cha kikapu. Wa pili vilevile. Wa tatu haukugusa chochote, si chuma wala wavu, ukaenda kugonga ukuta.

Cordell akainua mkono. "Faulo yangu. Nimemgusa. Mpira wao."

Hakuna aliyebisha. Hata Mzee Purnell, ambaye angeweza kubishania faulo mpaka ibada ya kesho yake, aliinama akajifanya anakaza bandeji.

"Hukunigusa," Trevion akasema.

"Nimekugusa, kaka. Cheza."

"Cordell, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hukugusa hata jezi!"

"Haya, sikukugusa! Miaka mitatu mtaa mzima tunakutazama kwenye televisheni, ukipewa dakika mbili unakosa. Watangazaji wanakucheka, sisi tunazima sauti. Nilitaka na mimi nione moja inaingia. Ni kosa?"

Siku zote Trevion alidhani mtaa unamcheka, na kwa kuchekwa alikuwa amejiandaa. Kupendwa namna hii, kama mgonjwa, hakuwa amejiandaa nako, na kulimuuma zaidi.

"Chukueni mpira wenu," akasema. "Nimekosa. Na wewe nikabe kama zamani. Ukinihurumia tena nitalia hapa hapa, tuaibike wote."

Basi Cordell akamkaba. Akamkaba kwa bega, kwa nyonga, mwisho akampiga kiwiko cha mbavu.

"Faulo!"

"Faulo gani? Kashtaki kwa mama yako!"

Ukumbi mzima ukalipuka, kila mtu shahidi, kila mtu mwongo, Mzee Purnell akiwashinda wote kwa kelele. Trevion naye akabisha mpaka sauti ikamkauka, na katikati ya ugomvi ule akagundua kwamba ana furaha.

Timu yake ilishindwa, wakatoka. Akauliza nani wa mwisho kwenye foleni, akaketi nyuma yake akitweta, kisha akampigia wakala.

"Waambie nitakuja kujaribiwa."

Wakala akamtahadharisha. "Tre, nisikufiche. Wameita watu kumi na wawili kwa nafasi moja. Na huko hakuna anayejali uliteuliwa raundi gani."

"Wanakaba?"

"Unasema?"

"Nauliza, huko wanakaba kweli?"

"Wanaumiza, kaka."

"Basi nakuja."