Mama Yuko Wapi?

Tangu ahitimu sheria, Modesta alikuwa amebisha hodi ofisi za mawakili jijini Mwanza hadi akaona haya kujiita mwanasheria. Basi dalali Masele alipomwambia, "Njoo uniandikie mikataba ya viwanja, shahada yako itawatuliza wateja," akakubali. Mchagua jembe si mkulima.

Siku ya kwanza walikwenda Buhongwa, kwa mzee aliyekuwa anauza nyumba yake. Mnunuzi alishashika kalamu, ndugu zake wamemzunguka uani. Modesta akaona khanga zimeanikwa kambani.

"Mzee, shikamoo. Mama yuko wapi? Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake."

"Marahaba. Yuko sokoni," mzee akajibu, macho chini.

"Basi tumsubiri."

Masele akamvuta pembeni. "Nimekuleta uandike, siyo uulize! Kazi imeisha, nenda zako."

Modesta hakwenda. Aliketi juu ya jiwe, akashangaa kwamba kufukuzwa hakuumi kama kubisha hodi.

Punde mama akatokea na beseni la dagaa kichwani. Kuona watu wamejaa uani, akasimama ghafla.

"Jamani, nani amefariki?"

Modesta akainuka, akampokea beseni.

"Hakuna msiba, mama. Mimi ni mwanasheria. Kaa nikueleze."