Haikaliki, Haikaliwi

Nimeezeka mabati miaka arobaini na sijaanguka ila mara moja, na hiyo moja niliangukia mgongoni mwa punda, tukafika sokoni kabla punda mwenyewe hajajua ana abiria. Hilo likataeni mkitaka. Hili la nyumba ya dada yangu msilikatae, maana sikulitia chumvi. Chumvi niliitia siku ya ukaguzi, na ndiyo iliyotufikisha hapa.

Dada yangu mkubwa ni mjane. Ana vyumba viwili na ukumbi, na sakafu nyekundu anayoisugua mpaka unajiona meno. Mjane anayekaa nyumbani kwake halipi kodi ya jengo. Kinachotakiwa ni mkaguzi afike, aone anakaa, atie alama kwenye fomu. Basi.

Asubuhi ya ukaguzi mguu wake ulivimba, ikambidi aende zahanati. Akaniachia ufunguo.

"Domo," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu utoto, "wakija waambie nakaa hapa. Usiwapigie soga."

"Mimi tena, dada?"

"Wewe tena. Ndiyo maana nasema."

Mkaguzi alikuja na futi ya chuma kiunoni na kopo la rangi ya kuandikia namba. Akapima ukumbi, akapima vyumba, akagonga kuta kama daktari anayegonga kifua. Akasema, "Nyumba nzuri hii, mzee."

Hapo nikaingiwa na hofu. Neno "nzuri" kinywani mwa mtu wa kodi ni kama tusi. Habari ya mjane ikanitoka kichwani, nikabaki na kodi tu.

"Nzuri wapi, bwana mkubwa? Mvua ya nje ikikatika saa sita, ya ndani inaendelea mpaka kesho yake. Panya wamehama wote. Wa mwisho aliondoka na mwavuli."

Akacheka. Nami mtu akicheka sijui kunyamaza.

"Kwa kifupi, bwana, nyumba hii haikaliki!"

Lori la mchanga lilikuwa likipita kwa kishindo. Akainua kichwa. "Haikaliwi?"

"Ehe! Hapo umenipata!"

Akatia alama, akanipa kalamu. Miwani nilikuwa nimeiacha kwangu, na ningemwambiaje mgeni kwamba sioni? Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Wiki tatu baadaye wakabandika karatasi mlangoni. Nyumba haikaliwi. Msamaha wa mjane umefutwa, tangu mwaka aliofariki shemeji. Kodi ya miaka yote hiyo isipolipwa ndani ya siku thelathini, nyumba itafungwa. Dada aliisoma mara mbili, sufuria mkononi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ofisini tulimkuta karani, mama wa makamo, anakula karanga kwenye droo.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu, mama. Lakini mimi nilisema haikaliki, yaani inavuja. Na haivuji, nilikuwa nampunguzia dada makadirio ya kodi. Mkaguzi akasikia haikaliwi."

"Kwa hiyo ulimdanganya."

"Nilimdanganya, ila siyo uongo huo!"

"Mzee, fomu ina visanduku viwili. Inakaliwa, haikaliwi. Cha haikaliki hakipo."

"Basi si huyu hapa mwenyewe? Mtazame! Anakaa!"

Karani akamtazama dada. "Hapa naona amesimama."

Dada akasema polepole, "Mwanangu, nimezaa watoto wanne katika chumba cha kushoto. Mume wangu nimemwosha humo humo."

Karani akafunga droo. "Mkaguzi atarudi kuhakiki, mama. Akikukuta, yamekwisha."

"Lini?"

"Siku haitajwi. Ingetajwa, watu wangehamia siku hiyo hiyo."

Basi dada akakaa. Siku kumi na moja hakuvuka kizingiti. Kiti akakiweka mlangoni, mguu juu ya ndoo iliyofudikizwa, na kila futi ya chuma iliyong'aa barabarani aliinuka. Zahanati walimtaka arudi, akakataa. Nilimpelekea maji na mkate. Nikajaribu kumsimulia ya punda, akasema, "Sogea, unaniziba njia."

Siku ya kumi na mbili nilimkuta anatetemeka, uvimbe umepanda mpaka gotini. Nikaazima mkokoteni, nikampakia kwenda zahanati. Alilia njia nzima, na siyo kwa maumivu. "Nirudishe, Domo. Atakuja. Nirudishe." Sikumrudisha.

Tuliporudi saa saba, mlangoni palikuwa na rangi mbichi: HAKUNA MTU. IMEHAKIKIWA. Jirani aliapa kwamba alimkimbilia mkaguzi, akamwambia mwenyewe katoka sasa hivi, mgonjwa. Naye akajibu kwamba anaandika anachokiona.

Siku ya thelathini akaja askari wa halmashauri na kufuli. Hakuwa mtu mbaya. Alitupa nusu saa ya kutoa vitu, akafungua daftari. Penye jina la anayeingia kutoa vitu, dada akaandika lake. Penye uhusiano wake na nyumba, kalamu ikasimama.

"Andika mgeni, mama," askari akasema, macho chini. "Nikiandika mkaaji watanirudisha nalo."

Akaandika mgeni.

Nilitoa godoro, nikatoa kabati, nikatoa picha ya shemeji. Kila nikirudi ndani namkuta ameshika ukuta kwa mkono mmoja na ufagio kwa mwingine, anafagia.

"Dada, unamfagilia nani?"

Alimaliza ukumbi, akamaliza chumba cha mkono wa kulia, akaingia cha kushoto akakaa humo sana. Nusu saa ilipita, askari akajifanya anakagua kufuli. Alipotoka alikuwa amekusanya taka kwenye kipande cha gazeti. Akaangaza pa kuzitupa, hakupaona, akazikunja, akazitia kwenye mkoba wake.